Jenereta ya biogesi na dizeli: mbona modeli inatoa presha kubwa kuliko sensa?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Niko Changamwe, na jenereta yetu ya dizeli tumeiunganishia biogesi ya samadi ya ng'ombe. Nimeiga mwako wake kwenye kompyuta kwa mlingano mmoja wa Wiebe, ule unaoonyesha mafuta yanavyoungua kidogo kidogo. Lodi ikiwa kubwa, namba zinakaribiana na za sensa ya silinda. Ikishuka hadi robo, modeli inatoa presha kubwa mno. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba. Umbo la grafu liache kwanza, angalia ni mafuta kiasi gani unayodhani yameungua. Ukiweka a, ile namba ya kudumu ya mlingano wa Wiebe, kuwa 6.908, kama wafanyavyo wengi, umeshaiambia kompyuta kwamba asilimia 99.9 imeungua. Kwa dizeli tupu haina neno. Kwenye lodi ndogo, lakini, biogesi imetapakaa ndani ya hewa nyingi. Dizeli huwasha gesi iliyo karibu na mnyunyizo wake, halafu moto hufifia kabla ya kuzifikia kuta za silinda, na methani iliyobaki, ile gesi ya biogesi inayowaka, hutokea ekzosi ikiwa nzima. Basi pima methani ya ekzosi kwa kila lodi, na nishati yake uitoe kwenye hesabu.

Ukishamaliza hapo, tumia milingano miwili, wa dizeli na wa gesi, kila mmoja na mwanzo wake na muda wake. Mwanzo wa dizeli usiunakili kutoka majaribio ya dizeli tupu. Kaboni dioksidi ya biogesi hufyonza joto na gesi huchukua nafasi ya oksijeni, hivyo dizeli huchelewa kuwaka. Mwanzo huo usome kwenye grafu ya sensa.

Kuna watakaokusukuma kwenye kemia kamili. GRI-Mech 3.0, orodha ya mimenyuko ya mwako wa gesi yenye kemikali 53 na mimenyuko 325, ni nzuri kwa methani, ila haina heptani, ambayo wengi huitumia kuwakilisha dizeli. Peke yake haitakufaa, na kwa swali lako naona ni kazi ya bure.

Hewa nayo je? Programu nyingi huanza na hewa kavu ya nyuzi 25, hewa ambayo Changamwe hamuijui. Kwenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, kila kilo ya hewa hubeba zaidi ya gramu 20 za mvuke. Ingiza namba za kwenu.

Ekzosi ikionyesha methani nyingi inapotea kwenye robo ya lodi, hapo ongezeni dizeli na mpunguze gesi. Modeli iliyorekebishwa itumie kutafuta lodi ambayo gesi inafaa kurudishwa.