Nati Imeingia, Lakini Imeshika?

Maswali mengi mnayoniletea kuhusu magari ya kujiundia ni ya breki, na karibu yote yanarudi palepale: vipande vimetoka kwenye magari tofauti na havikubali kuungana. Leo nimechukua matano.

Shikamoo fundi. Naunda bagi nyumbani. Pedali na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) ni za Land Rover ya zamani, mbele nimefunga kalipa (zinazobana diski) za Toyota Hilux. Nati ya paipu ya Land Rover inaingia kwenye mpira (paipu laini) wa breki wa Toyota. Mwanzoni inacheza kidogo, halafu inakaza vizuri. Nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba? (Arusha)

Marahaba. Ifungue hiyo nati leo, na tepu iache kabisa.

Kwa dalili ulizotaja, nati yako ni ya inchi: kipenyo 3/8, meno 24 kwa kila inchi. Toyota hutumia M10, yaani kipenyo cha milimita 10, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1. Kwa macho ni mapacha. Lakini 3/8 ya inchi ni milimita 9.525, kwa hiyo nati imepungua karibu nusu milimita na meno yanashikana kwa ncha tu. Tena jino hadi jino la nati ya inchi ni milimita 1.058. Kila mzunguko tofauti inaongezeka, na ukifika wa sita au wa saba meno yanaanza kuumana. Huko kukaza unakokusikia mkononi ni meno yanaumana, mdomo wa paipu (ncha yake iliyopanuliwa) bado haujabanwa kwenye kiti chake, pale unapokaa ndani ya tundu.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilishafanya hivyo. Gari lilikuwa bado juu ya mawe, nikakanyaga pedali kwa nguvu ili nipime, nati ikachomoka na mafuta ya breki yakaruka hadi ukutani. Nilipoiokota nikakuta chenga za chuma zimejiviringisha kwenye uzi wake, yaani hayo meno, nyembamba kama nywele, zinang'aa. Ingekuwa barabarani, sijui ningekuwa wapi. Ukikanyaga breki kwa hofu, shinikizo ndani ya paipu linaweza kupita psi 1,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Tairi lako lina kama 30.

Kuhusu tepu: kinachozuia mafuta hapo ni mdomo wa paipu uliobanwa kwenye kiti. Kazi ya uzi ni kubana tu. Tepu haiongezi kitu, na kipande kikikatika kinaweza kwenda kuziba kitundu ndani ya masta silinda.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Paipu ya breki ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75, inapita kwenye nati zote mbili. Kata paipu mpya, upande wa masta vika nati ya 3/8, upande wa Toyota vika nati ya M10, kisha tengeneza midomo. Paipu yenyewe inakuwa adapta, na hujaongeza kiungo hata kimoja cha kuvuja. Ila pima kila tundu peke yake. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1970 yalikuwa yanahama kutoka inchi kwenda milimita, na gari moja laweza kuwa na zote mbili. Tumia kipima uzi. Kama huna, chukua nati mpya unayoijua na iingize kwa vidole: inayofaa huzunguka laini hadi mwisho, bila kucheza na bila spana.

Uzi wangu umekubali, nimekaza mpaka nimeogopa, bado panatoka tone. (Mombasa)

Acha kukaza, ndugu yangu. Mwongozo wa Toyota kwa nati ya namna hii hutaja N·m 15 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Angalia mdomo.

Chukua tochi uangalie ndani ya tundu. Ukiona koni ndogo imeinuka katikati, panataka mdomo uliokunjwa mara mbili, uliofunguka kama tarumbeta. Huo ndio wa magari ya Japani na Marekani. Ukiona chini pamechimbwa kama faneli, panataka mdomo wa uyoga, ambao umejaa magari ya Ulaya. M10 ni ileile kwa Mjapani na Mjerumani, ndiyo maana uzi unakubali na mdomo unakataa. Na usikunje mara moja tu. Mdomo wa mkunjo mmoja kwenye paipu ya chuma hupasuka, na mara nyingi ufa hauonekani mpaka utumie kioo cha kukuzia.

Paipu ya shaba ya friji inafaa? Inakunjika vizuri. (Mwanza)

Hapana. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko, ikawa ngumu na kukatika. Nunua ya chuma ya breki au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo nayo inakunjika kwa mkono.

Kila kitu kimeungana, hakuna tone, lakini pedali inazama. Masta silinda ni ya gari dogo, kipenyo inchi 3/4. Niweke kubwa? (Nakuru)

Kwanza angalia nipeli za kutolea upepo. Wanaojiundia magari hubadilisha kalipa ya kushoto na ya kulia bila kujua, nipeli ikatazama chini. Upepo hukaa juu, na utakanyaga hadi usiku bila kuutoa. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Kama nipeli zote ziko juu na upepo umeisha, basi masta haisukumi mafuta ya kutosha kwa kalipa zako. Ukipanda kutoka 3/4 hadi 7/8, eneo la pistoni linaongezeka kwa asilimia 36. Pedali itapanda, lakini kwa mguu uleule shinikizo litashuka zaidi ya robo. Panda hatua moja tu, kisha pima tena.

Nitajuaje viungo vimeshika kabla sijaingia barabarani? (Morogoro)

Futa kila kiungo kikauke kabisa, ukifunge karatasi nyeupe ya chooni. Mwenzako akanyage pedali kwa nguvu zake zote kwa nusu dakika, mara kumi, injini ikiwaka kama una busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu). Kisha weka ubao kati ya kiti na pedali uiache imebanwa usiku kucha. Asubuhi pitia karatasi moja moja. Ukikuta doa, hata la ukubwa wa punje ya mchele, fungua hicho kiungo uanze na mdomo wa paipu.