Haibiskasi kuwa njano na kudondosha vitumba: angalia maji kabla ya mbolea

Mkuu uliyeuliza kuhusu haibiskasi zako za Njiro, Arusha, kwamba majani yanageuka njano na vitumba vinaanguka kabla ya kuchanua: usikimbilie mbolea, tazama jani kwanza. Kama njano iko kwenye majani machanga ya juu na mishipa imebaki kijani, hiyo si njaa ya samadi. Mmea umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kipo udongoni tele, ila udongo umejaa magadi na mizizi haiwezi kukifyonza.

Nimeishi Sakina, hapo hapo Arusha, kabla ya kuhamia Moshi, na vipando vilivyokatwa kwenye mmea mmoja nimevikuza kote kuwili. Vya Moshi vilikuwa kijani cha kung'aa. Vya Sakina, hasa vya kwenye ndoo, vilipauka kila kiangazi, masika yakianza rangi inarudi. Maji ya visima vingi vya upande wa Meru yana magadi, tena na floridi juu yake, ile inayotia meno rangi ya kahawia (meno yetu ni mashahidi). Kwenye chungu magadi hayo yanajikusanya tu. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, hayo ndiyo uwape maua ya vyungu. Kama huna ila kisima, mwagilia mpaka maji yatokee matundu ya chini, halafu subiri udongo ukauke juu. Kikombe kimoja kila jioni ndicho kinachobakiza chumvi.

Na majivu acha kabisa. Najua huku kwetu majivu ni tiba ya kila kitu, lakini hapa yanaongeza tatizo lile lile. DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, pia achana nayo, fosforasi ikizidi chuma kinazidi kukwama. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na maganda ya kahawa kutandaza juu, vinatosha.

Vitumba ni habari nyingine. Udongo ukikauka kabisa halafu ukaloweshwa ghafla, vitaanguka. Kivuli kikizidi, vitaanguka. Pasua kimoja kilichoanguka: ukikuta vijidudu vyembamba vinatembea, ni thripsi, okota vyote vilivyoanguka na uvichome. Zile za maua yaliyojikunja tabaka tabaka huangusha zaidi hata zikitunzwa, mimi nazipanda chache. Lakini ua lililochanua asubuhi likasinyaa kesho yake halina ugonjwa, ndivyo lilivyo.

Ukiona utando mweupe kama pamba kwenye vikonyo ni vidung'ata. Maji ya sabuni, mara kwa mara, na uwazuie sisimizi wanaowalinda.

Kupogoa: maua hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo kata mwishoni mwa Februari, masika yakute machipukizi. Juni na Julai usikate wala usimwagilie sana, baridi ya Arusha inaufanya mmea usinzie na mizizi inaoza.

Ukiweka picha, piga jani la juu na la chini la tawi moja. Njano ikiwa imeanzia chini, futa nusu ya niliyoandika, hapo ni naitrojeni au maji yamezidi.