Majani Yanayouzwa Rahisi, na Bado Nayapanda

Mhariri ameuliza wiki hii kama kuna faida yoyote ya kuotesha viungo vya majani nyumbani, ilhali fungu la kotimiri au la nanaa hupatikana sokoni kwa bei ndogo. Mimi naishi Tanga, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa saruji, na ndoo sita za rangi nilizozitoboa chini ndizo shamba langu lote. Faida ipo, na wala si ya fedha. Ni kuchuma kiasi unachokihitaji, saa ile ile unapokihitaji, jani likiwa bado na uhai wake.

Aliyenifundisha hayo ni mchaichai. Jirani alinimegea shina moja lenye mizizi michache kutoka katika kichaka chake, na baada ya miezi kadhaa nikawa na kichaka changu kinachonifika kiunoni. Kila alfajiri, maji yakianza kuchemka, natoka na kisu, nakata majani matatu au manne kwa uangalifu kwa kuwa kingo zake hukata vidole, nayakunja, nayapiga fundo na kuyatia katika sufuria. Harufu inayopanda hapo, inayokaribiana na ya ndimu lakini iliyo laini zaidi, sijawahi kuipata katika majani yaliyolala gengeni siku mbili, na watoto wangu huamka kwayo kabla sijawaita.

Mrehani nao hutaka kukonyolewa mara kwa mara. Ukiuacha utoe maua na mbegu, majani hupungua na matawi hukomaa yakawa magumu. Lakini ukikata ncha juu kidogo ya majani mawili yanayotazamana, machipukizi mawili huchomoza pale pale. Tawi lililokatwa halitupwi. Likitiwa katika glasi ya maji hutoa mizizi baada ya wiki moja au mbili, na likipata asumini na langilangi huwa kikuba, kile kishada cha majani na maua ya kunukia ambacho wanawake hujipamba nacho. Usiku wa kuamkia harusi ya wifi yangu nilifunga vikuba kutoka katika ndoo zangu mwenyewe, na mikono yangu ikanukia mrehani hadi asubuhi.

Kotimiri ndiyo iliyonisumbua. Niliipanda mwezi wa Januari, katika joto la kaskazi, nayo ikakimbilia kutoa maua kabla sijapata majani ya kutosha hata kachumbari moja. Mzee mmoja anayeuza miche alinishauri nisubiri kipupwe, kisha nizisugue punje zigawanyike, maana kila punje ni tunda dogo lenye mbegu mbili ndani, nizilowanishe usiku kucha, na nizipande pale pale zitakapokulia, kwani kotimiri haipendi kuhamishwa. Nilifanya hivyo mwezi wa Juni, nikaiweka ndoo mahali penye kivuli cha mchana. Chatne ya kwanza niliyoitwanga kwa majani yale, pamoja na nazi, pilipili mbichi na ndimu, tuliila na mihogo ya kukaanga, na hakuna aliyeulizia samaki. Fungu la sokoni hulinunua zima hata ukihitaji vijiti vitano tu, na linalobaki huishia kunyauka. Mimi huchuma vile vitano, na vilivyobaki vikaendelea kukua.

Nanaa nimeipa ndoo yake peke yake, kwa sababu hutambaa na kuisonga mimea mingine, nami humwagilia kila siku. Jioni za Ramadhani mtoto wa jirani hupiga hodi: "Shikamoo, mama kasema nikuombe nanaa ya juisi." Humwambia achume mwenyewe. Hukonyoa jani moja moja, hunusa vidole vyake, hukonyoa tena, hadi mama yake amwite kutoka upande wa pili wa ukuta.