Hakuna Mtoto Aliyetaka Kuwa Myahudi

Nimefundisha katekisimu miaka 11, na kuna kosa nililofanya mwaka wa tatu ambalo linaniuma hadi leo. Tulikuwa tunaandaa igizo la Mateso ya Bwana. Wasichana waligombea kuwa Mama Maria, wavulana wakamgombea Petro. Nilipofika kwa "Wayahudi", kimya. Nikateua watoto watano, nikawavisha vitambaa vyeusi na kuwaambia wakunje nyuso. Jioni ile mmoja wao alifika kwao analia. Wenzake walikuwa wamemzomea njia nzima: "Myahudi! Umemuua Yesu!"

Waliyatoa kwangu maneno hayo. Nami nilifundishwa hivyo hivyo na bibi yangu, mama mcha Mungu asiyewahi kukutana na Myahudi hata mmoja.

Padre mmoja mzee alinipa nisome Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965. Namba 4 inasema wazi kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Niliona aibu, nilikuwa nafundisha kinyume cha Kanisa langu. Nikasoma pia habari za Jules Isaac, mwanahistoria wa Ufaransa aliyepoteza mke na binti yake Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Juni 1960, akiwa na miaka 82, alikwenda kwa Papa Yohane wa XXIII kumsihi Kanisa liache mafundisho ya dharau juu ya watu wake. Papa huyo alikuwa ameshaondoa, mwaka 1959, neno lililowadhalilisha Wayahudi katika sala ya Ijumaa Kuu.

Basi mwalimu mwenzangu, anza na Mama Maria. Watoto wajue mapema kwamba ni Myahudi, na Yosefu, na Petro, na Yesu mwenyewe. Ukifika kwenye hukumu, taja waliohusika: Pilato, makuhani wakuu, askari wa Kirumi. Injili ya Yohane tunayoisoma Ijumaa Kuu inarudia sana neno "Wayahudi". Usiiruke, ila eleza kabla ya siku hiyo kwamba mara nyingi inawalenga viongozi waliompinga Yesu. Na ukiumia kwa yanayotokea Gaza, una haki ya kuumia na kuikemea serikali inayohusika. Usimtwishe mzigo huo kila Myahudi duniani.

Halafu waulize watoto: Ijumaa Kuu kanisani, Mateso yakisomwa, nani anapaza sauti "Msulubishe"? Ni sisi waumini. Hata Katekisimu ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1566 ilisema dhambi zetu Wakristo zina lawama nzito zaidi kuliko ya Wayahudi.

Mwaka uliofuata vitambaa vyeusi nilivitupa. Maria, Petro na makuhani walivaa sawa, na maneno ya umati yakasemwa na kanisa zima. Yule mtoto aliyezomewa aliomba kuwa Simoni wa Kirene, aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba.