Barua kwa Mwanangu: Soul ya Mlimani, Dansi la Mjini

Mwanangu,

Barua yako imefika, nami nimeisoma nikicheka peke yangu. Unauliza ilikuwaje sisi wanachuo wa Mlimani tukacheza soul, muziki wa Wamarekani weusi, ilhali nchi nzima inaimba Ujamaa.

Kwanza ujue Mlimani kulikuwa mbali. Chuo, hiki kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza 1961 mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, kikahamia huko juu 1964, pori limekizunguka. Tukitaka bendi, tulishuka mjini, Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, na kurudi usiku ilikuwa kazi. Ndiyo maana Jumamosi nyingi tulibaki na gramafoni: meza zinasogezwa ukutani, anawekwa James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett. Wasichana tulikuwa wachache mno, basi hukupata nafasi ya kukaa.

Mimi lakini moyo wangu ulikuwa mjini. Western Jazz na mtindo wao wa saboso, NUTA Jazz, Kilwa Jazz! Gitaa la solo likianza kujibizana na saksafoni, humwoni karani wala kuli, wote wako katikati ya ukumbi, na hakuna anayekuuliza unasoma mwaka wa ngapi. Hilo lilikuwa na thamani yake. Tangu Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alipowarudisha makwao wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), msomi alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Ila tusidanganyane, hata hilo dansi “letu” lilitoka ng’ambo. Rumba na cha-cha-cha ziliingia kwa santuri za Kuba, na bendi ya Salum Abdallah kule Morogoro ikajiita Cuban Marimba. Zikaimbwa kwa Kiswahili, zikazoeleka, zikawa zetu. Soul haikupewa muda huo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, marufuku. Hata Januari haijafika, wanawake walikuwa wakivamiwa kwenye vituo vya mabasi Kariakoo. Kisha 1969 hiyohiyo soul nayo ikapigwa marufuku Dar es Salaam.

Na mwanamume aliyevaa suti na tai, vazi la Mwingereza mtupu, alipita zake akisalimiwa “shikamoo mzee”. Mpaka leo linanikera. Utamaduni wa taifa zima ulipimwa kwa magoti ya wasichana! Ujamaa tuliuamini, wengi wetu, na tuliubishania usiku kucha. Hatukuona unadhuriwa vipi na ngoma ya Otis Redding.

Zile santuri ulizoomba: za soul aliondoka nazo shangazi yako alipohamia Mwanza, mwulize yeye. Za Western Jazz ninazo, japo baadhi zimekwaruzika. Ukija, njoo na sindano mpya ya gramafoni, hii ya hapa imekwisha.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako