Jibu: Pini ya kilti inavuta kitambaa nikitembea

Salaam mkuu. Umesema umekodi kilti, lile vazi la kiume la Uskoti lenye umbo la sketi, kwa ajili ya harusi huko Edinburgh, na ukiweka pini kitambaa kinajikunja na kuvuta kila unapopiga hatua. Kabla ya yote, inua ukingo wa kulia wa kipande cha juu (mbele ya kilti vipande viwili hupandana, kimoja juu ya kingine), ule wenye matamvua, uchungulie kwa ndani. Nina hakika pini imeshika vipande vyote viwili.

Pini ya kilti haifungi kitu. Kinachofunga ni mikanda na bizimu za kiunoni. Pini ni pambo na uzito kidogo wa kutuliza kona ya kipande cha juu. Ukiunganisha vipande viwili, mguu ukienda mbele kimoja kinavutana na kingine, na ukikaa ghafla sufu inachanika pale pale kwenye tundu. Kilti ya kukodi utailipia hiyo.

Vaa kilti kwanza, kaza bizimu, simama wima. Pima takriban sentimita 10 kutoka pindo la chini na sentimita 5 kutoka ukingo wa matamvua. Ingiza mkono wa kushoto katikati ya vipande viwili, ndipo uchome: kiganja chako ndicho kinga ya kipande cha chini. Pini isimame wima, sambamba na ukingo. Kama ni ya umbo la upanga, wengi huweka mpini juu.

Itoe kabla ya kutundika kilti, isiache tundu wazi.