Kwa Anayeanza Kumsoma Hume Kuhusu Ushuhuda wa Miujiza

Insha yangu ya kwanza juu ya mada hii ilirudi ikiwa na maneno mawili tu ya mwalimu, yaliyoandikwa pambizoni kwa wino mwekundu: "Ukurasa gani?" Nilikuwa nimedai kwamba David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alithibitisha kuwa miujiza haiwezi kutokea. Nilipoirudia sehemu ya kwanza ya sura ya 10 ya kitabu chake cha mwaka 1748, nilikuta hoja nyingine kabisa: kwamba ushuhuda hautoshi kuthibitisha muujiza, isipokuwa pale ambapo uwongo wa ushuhuda huo ungekuwa muujiza mkubwa kuliko jambo lenyewe linalosimuliwa. Hiyo ni hoja ya kupima, nayo hailazimu kumwita shahidi mwongo, kwa kuwa hata mkweli hukosea au hudanganywa.

Ukishaielewa hivyo, usikimbilie kuikubali. Richard Price, mchungaji na mwanafalsafa kutoka Wales, aliijibu mwaka 1767 kwa mifano ya kawaida kama bahati nasibu. Gazeti likiandika kwamba tiketi namba 417,203 kati ya milioni moja ndiyo iliyoshinda, tunaamini mara moja, ingawa uwezekano wa namba hiyo kushinda ulikuwa mmoja katika milioni. Mfano huu ulinisumbua kwa wiki kadhaa, hadi nilipotambua kwamba gazeti linalokosea lingeweza kutaja namba yoyote kati ya nyingine zote, kwa hiyo kuitaja namba hiyo hasa kimakosa nako ni jambo la nadra mno. Anayesimulia muujiza hayumo katika hali hiyo, maana tamaa ya kushangaza watu humvuta kuelekea simulizi la namna ileile. Kwa maoni yangu, Price alifaulu kuonyesha kwamba unadra peke yake hauvunji ushuhuda, lakini hakufika mbali zaidi ya hapo.

Jizoezeni pia kupiga hesabu kwa kalamu. Chukueni tukio lenye uwezekano wa moja katika milioni, na shahidi ambaye kauli yake ina uwezekano mara 99 zaidi kutolewa ikiwa tukio limetokea kuliko ikiwa halikutokea. Shahidi mmoja anaufikisha uwezekano kwamba tukio limetokea karibu moja katika elfu kumi. Wawili, asilimia moja. Watatu, takriban nusu kwa nusu. Na wanne, asilimia 99. Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza, alitumia hesabu za aina hii dhidi ya Hume mwaka 1837, nazo zinasimama kwa sharti moja zito, kwamba kila shahidi amejionea mwenyewe bila kuathiriwa na mwenzake. Wanne waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja, na hesabu inarudi kwenye moja katika elfu kumi. Kwa hiyo, kabla ya kuwahesabu mashahidi katika insha yako, eleza kwanza kila mmoja alikuwa wapi na habari ilimfikiaje.